Injini Yanguruma, Taa Haiwaki

  

Neno letu la leo linahusu mashine. Huenda mmoja wenu atauliza, "Mchungaji ana habari gani na mashine?" Swali hilo ni la haki, nasi tutalijibu. Siku hizi ni makanisa machache yasiyokuwa na jenereta, au yasiyoazima jenereta ya jirani. Twaitumia katika mikutano ya injili ya jioni. Twaitumia kwenye matanga, watu wanapokesha na wafiwa. Zahanati zetu nyingi zaitegemea kulinda chanjo katika friji na kumwangazia mkunga usiku. Basi kitu ambacho mkunga anakitegemea usiku wa manane si kitu kidogo, na mchungaji hawezi kusema kwamba hakimhusu.

Tena twajua kwamba stima ya nchi inaweza kukatika wakati wowote. Mnakumbuka tarehe 7 Juni 2016, tumbili mmoja alipopanda paa la kituo cha umeme cha Gitaru, kwenye mto Tana, akaangukia transfoma, na umeme ukapotea nchi nzima kwa saa kadhaa. Mnakumbuka pia usiku wa Ijumaa, tarehe 25 Agosti 2023, giza lilipofunika sehemu kubwa ya Kenya, hata abiria katika kiwanja cha ndege cha Jomo Kenyatta wakakaa gizani kwa kuwa jenereta ya akiba ya sehemu mojawapo ilikataa kuwaka.

Jenereta inayokataa kuwaka haimdanganyi mtu. Kila mmoja aona kwamba imekufa, naye hutafuta njia nyingine. Lakini iko shida ya namna ya pili, nayo ndiyo tunayotaka kuizungumza. Kijana avuta kamba mara mbili tatu, na injini yaitika. Yanguruma vizuri, moshi unatoka, petroli inakwisha. Watu wapiga makofi. Kisha mmoja abonyeza swichi ya taa, na taa haiwaki. Kipaza sauti kimenyamaza. Friji imetulia kama kabati. Sauti ipo, nguvu hakuna. Tufanye nini basi?

Kwanza tuielewe mashine yenyewe. Jenereta ni mashine mbili zilizounganishwa kwenye mhimili mmoja. Ya kwanza ni injini, inayokula petroli na kuzunguka. Ya pili ni ile sehemu ya kuzalisha umeme, yenye waya wa shaba uliosukwa mizingo mingi, ambayo mafundi huiita koili. Injini yaweza kuwa nzima kabisa, na sehemu ya pili ikawa haifanyi kazi. Kwa hiyo ngurumo ya injini hutuambia habari za injini tu, wala haitoi ushahidi wowote juu ya umeme.

Mwaka 1831, huko London, mtu mmoja aitwaye Michael Faraday aligundua kwamba sumaku ikisogezwa karibu na koili ya waya, umeme hupita katika waya ule. Faraday alikuwa mwana wa mhunzi, naye katika ujana wake alijifunza kazi ya kujalidi vitabu. Alikuwa pia mkristo, na katika kanisa lake dogo aliwahi kuwa mzee. Kila jenereta tunayoiona leo, kubwa ama ndogo, inafuata jambo lile alilolionyesha: sumaku na koili zikipitana kwa mwendo, umeme huzaliwa.

Lakini sumaku hiyo yatoka wapi? Hapa ndipo penye siri ya shida yetu. Katika jenereta nyingi tunazozitumia, hamna sumaku ya kudumu. Mna kipande cha chuma chenye koili, kinachozunguka katikati, nacho huitwa rota. Koili ile ikipewa umeme, chuma kinakuwa sumaku yenye nguvu. Na umeme wa kuipa koili ile hutoka katika jenereta yenyewe. Sasa mtasema, "Mchungaji, hilo haliwezekani! Jenereta yahitaji sumaku ili izalishe umeme, na yahitaji umeme ili ipate sumaku. Ni kipi kitakachotangulia?"

Jibu ni hili. Chuma kilichokwisha kuwa sumaku mara moja hakisahau kabisa. Umeme ukiondolewa, sumaku kidogo hubaki ndani yake, dhaifu sana, hata isiweze kunyanyua msumari. Injini inapoanza kuzunguka, sumaku ile ndogo huzalisha umeme mdogo, pengine volti chache tu. Umeme ule mdogo hurudishwa kwenye rota na kuongeza nguvu ya sumaku. Sumaku iliyoongezeka huzalisha umeme zaidi, nao hurudishwa tena. Hivyo huinuliwa hatua kwa hatua, katika muda mfupi kuliko kupepesa macho mara mbili, mpaka zifike volti 240 za kuwasha taa zetu. Wazee walisema kwamba kinga na kinga ndipo moto uwakapo, na hivi ndivyo ilivyo hapa. Jambo hili liligunduliwa na watu kadhaa karibu wakati mmoja. Tarehe 14 Februari 1867, mbele ya wataalamu wa Royal Society huko London, habari zake zilisomwa kutoka kwa watu wawili jioni ile ile, Siemens na Wheatstone. Mwingereza mwingine, Varley, alikuwa ameandikisha kazi yake ya namna hiyo mwishoni mwa 1866.

Basi mnaona, ndugu zetu, kwamba mashine ile yote yategemea mabaki madogo ya sumaku yasiyoonekana kwa macho. Mabaki hayo yakipotea, injini yaweza kunguruma kutwa nzima, na hakuna hata taa moja itakayowaka. Wala hakuna kilichovunjika, na hakuna kilichoibiwa.

Neno hili la kuibiwa tumelitaja kwa makusudi. Tunalijua kanisa moja lililokuwa na jenereta nzuri, iliyonunuliwa kwa mchango wa wakristo, wengine wakiuza kuku na wengine mahindi. Kijana mmoja wa kanisa alipewa ufunguo wa stoo ili aitunze. Jenereta ikakaa miezi mingi bila kuwashwa, kwa sababu stima ilikuwa haikatiki. Ikafika siku ya mkutano mkubwa. Kijana akaivuta, injini ikanguruma, na umeme haukutoka. Kabla jua halijatua, maneno yalikuwa yamekwisha kuzunguka: "Yule kijana ameuza waya wa shaba. Ndiye mwenye ufunguo." Hakuna aliyemwuliza. Hakuna aliyechukua bisibisi na kufungua kifuniko kutazama. Kijana aliurudisha ufunguo kwa mzee wa kanisa, na tangu Jumapili ile hakuonekana tena ibadani.

Wiki mbili baadaye fundi aliitwa kutoka sokoni. Akafungua, na shaba yote ilikuwa mahali pake, inang'aa. Akaomba betri ya gari. Kazi yake haikuchukua hata nusu saa, na taa zikawaka. Basi taa zilirudi siku ile, lakini kijana hakurudi upesi hivyo. Ilibidi wazee wawili waende nyumbani kwao, wakae chini, na kumwomba msamaha mbele ya mama yake. Tunamshukuru Mungu kwamba walikwenda. Wako wengi walioumizwa hivyo ambao hakuna aliyewaendea.

Kwa sababu hiyo tumeona yafaa tuwaeleze, neno kwa neno, namna ya kuichunguza jenereta inayonguruma bila kutoa umeme. Kalamu na karatasi zitawasaidia. Mambo yenyewe yafuatwe kwa utaratibu, kuanzia lililo jepesi mpaka lililo gumu, kwa kuwa mara nyingi shida huwa katika lile jepesi.

Jambo la kwanza, chomoeni vyombo vyote. Taa, redio, vipaza sauti, friji, vyote viondolewe. Mara nyingine chombo kimoja kibovu ndicho kinachoizuia jenereta nzima isitoe umeme. Ikiwa jenereta haina kitu, nayo yawasha taa moja vizuri, basi jenereta haina neno. Mtafuteni mkosaji miongoni mwa vyombo, mkivirudisha kimoja kimoja.

Jambo la pili, itazameni swichi ya usalama iliyo usoni mwa jenereta. Swichi hiyo hujikata yenyewe mzigo unapozidi. Mara nyingi huwa imeruka tangu siku ya mwisho jenereta ilipotumika, na hakuna aliyeitazama. Izimeni kabisa kwanza, kisha muiwashe tena. Fundi mmoja alituambia kwamba ameitwa mbali, akapanda matatu mbili, akafika akabonyeza swichi hiyo, akalipwa nauli yake akarudi zake.

Jambo la tatu, jaribuni soketi nyingine, waya mwingine, na balbu mnayojua kwamba ni nzima. Msiihukumu jenereta kwa ushahidi wa balbu iliyoungua.

Jambo la nne, sikilizeni mwendo wa injini. Jenereta nyingi ndogo za huku kwetu yapasa zizunguke mara 3000 kwa dakika, ndipo umeme uwe wa mitetemo 50 kwa sekunde, kama ule wa stima ya kawaida. Injini ikienda kivivu, kwa sababu ya petroli chafu, au choki iliyosahauliwa, au kichujio cha hewa kilichojaa vumbi, umeme waweza kukosa nguvu ya kujiinua. Safisheni kichujio, rudisheni choki, badilisheni petroli iliyokaa sana. Lakini ile skrubu ya kuongeza mwendo msiiguse kwa kubahatisha, maana mwendo ukizidi, volti nazo zaweza kuzidi, na vyombo vyote mtakavyounganisha vitaungua.

Jambo la tano lahitaji mita ya kupimia umeme, na mtu anayejua kuitumia. Hapa tunasema waziwazi kwamba volti 240 zinaua. Asiyejua asiguse, amwite anayejua. Mita ikiwekwa kwenye soketi, injini ikizunguka bila mzigo, itatueleza mengi. Ikionyesha volti chache tu, mathalani tatu au tano, basi mabaki ya sumaku yapo, lakini umeme haurudi kwenye rota. Shida ni katika brashi, au katika kile kirekebishi cha volti ambacho mafundi hukiita AVR. Ikionyesha sifuri kamili, basi yawezekana kwamba mabaki ya sumaku yamepotea, ama waya umekatika mahali.

Jambo la sita, zimeni injini, ngojeni ipoe, chomoeni waya wa plagi ya injini ili isiweze kuwaka kwa bahati mbaya, kisha fungueni kifuniko cha nyuma. Humo mtaona brashi mbili za kaboni, zinazosukumwa na springi ndogo zikagusa pete mbili zinazozunguka na rota. Kwa njia hiyo ndiyo umeme huingia katika rota. Kama brashi zimelika zikawa fupi, hazigusi, na mpya zinunuliwe. Kama zimekwama kwa vumbi, zilegezwe. Kama pete zimeshika kutu kwa unyevu wa stoo, zisuguliwe taratibu kwa msasa laini mpaka zing'ae, kisha zipanguswe kwa kitambaa kikavu. Tazameni pia panya. Panya hupenda joto la jenereta, nao hutafuna waya bila kumwogopa mchungaji wala mzee wa kanisa.

Jambo la saba ni lile la betri, ambalo fundi wa kanisa lile alilifanya. Injini ikiwa imezimwa, fundi huchomoa waya mbili zinazotoka kwenye AVR kwenda kwenye brashi, akikumbuka ni upi wa chanya na upi wa hasi. Huchukua betri ya volti 12. Hasi ya betri huunganishwa na brashi ya hasi, na chanya ya betri huguswa kwenye brashi ya chanya kwa muda wa sekunde chache tu. Umeme ule mdogo hupita katika koili ya rota, na chuma hupata tena mabaki yake ya sumaku. Kisha betri huondolewa kabisa, waya hurudishwa mahali pake, kifuniko hufungwa, na injini huwashwa. Umeme ukija na kudumu, shida ilikuwa ni sumaku iliyopotea. Usipokuja, au ukija kisha ukapotea tena, AVR na waya wa rota vipimwe na fundi.

Twaongeza maonyo mawili. Ziko jenereta zisizo na brashi, zinazotumia kapasita mahali pa AVR. Hizo haziguswi kwa njia hii, na kapasita yaweza kushika umeme hata injini ikiwa imezimwa, ikampiga mtu vibaya. Ziko pia zile ndogo za kisasa, zisizo na kelele nyingi, ambazo huitwa inveta. Ndani yake mna sumaku za kudumu na vifaa vya elektroniki, na hazitaki betri yoyote. Hizo, mzigo ukizidi, huwasha taa ya onyo na kukata umeme huku injini ikiendelea kuzunguka. Punguzeni mzigo, zimeni injini, muiwashe upya. Zikikataa, mpelekeeni fundi.

Sasa mtauliza, mabaki ya sumaku hupoteaje? Hupotea jenereta inapolala miezi mingi bila kuzungushwa. Hupotea inapogongwagongwa, kama vile ikitupwa nyuma ya pikapu katika barabara mbovu. Hupotea pia injini inapozimwa ghafula ikiwa bado imebeba mzigo, au inapoachwa imalize petroli huku taa zote zikiwaka. Kwa hiyo kinga yake ni nyepesi. Kila mwezi mara moja iwasheni, muipe mzigo wa taa kadhaa, izunguke kwa nusu saa. Mkitaka kuizima, zimeni vyombo kwanza, iacheni izunguke bila mzigo kwa dakika chache, ndipo mzime injini. Andikeni tarehe katika daftari na kulitundika stooni. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nusu saa ya kila mwezi ndiyo kuziba ufa.

Wapenzi, kabla hatujaendelea, liko jambo moja zito kuliko haya yote. Watu wanapohangaika na jenereta usiku, hasa ikiwa mvua yanyesha, huwashawishi wenzao waiingize ndani: katika stoo, katika veranda, katika hema la matanga, au nyuma ya madhabahu. Msifanye hivyo kamwe. Moshi wa injini una hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu yake, haikoozi mtu wala haimwashi macho. Hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko ile hewa safi tunayoihitaji, na mtu hukosa pumzi huku akidhani kwamba amechoka tu. Kichwa huuma, kizunguzungu huja, moyo huchafuka, kisha usingizi. Wengi waliolala usingizi huo hawakuamka. Kufungua dirisha moja hakutoshi. Jenereta ikae nje, mahali pa wazi, zaidi ya mita sita kutoka kwenye milango na madirisha, na moshi wake uelekezwe mbali na watu. Mtu akianza kuumwa kichwa, watoeni wote nje kwanza, ndipo mwulize maswali.

Tena, msiongeze petroli injini ikiwa moto. Wala msiunganishe jenereta na nyumba kwa kuchomeka waya kwenye soketi ya ukutani. Umeme ule hurudi nyuma mpaka kwenye nguzo, nao waweza kumwua fundi wa stima aliyepanda kule kuwarudishieni mwanga. Pale penye swichi maalumu ya kubadilisha njia, iliyowekwa na fundi mwenye leseni, hapo ni sawa. Pasipo na swichi hiyo, chomekeni vyombo kwenye jenereta yenyewe.

Sasa turudi kwa yule aliyeuliza, mchungaji ana habari gani na mashine. Tunadhani amekwisha kuona. Sisi watu wa kanisa tumezoea sana kuhukumu kwa ngurumo. Tukisikia kwaya yaimba kwa nguvu, twasema kwamba kanisa lile liko hai. Tukiona kamati zinakutana kila juma, twasema kazi yaendelea. Labda ni kweli. Lakini wazee walituambia kwamba debe tupu haliachi kutika, na ngurumo ya injini peke yake haijamwangazia mkunga hata mmoja. Katika ule mfano wa wanawali kumi, wote kumi walikuwa na taa mikononi, na kwa kuwatazama usingeweza kuwatenganisha. Tofauti yao ilionekana usiku wa manane, wakati mwanga ulipohitajika. Basi swali la kuliuliza kanisa, na nyumba ya mkristo, ni hili: je, yuko mtu anayeona kwa sababu yetu? Mjane wa jirani ana mwanga kiasi gani kutokana na kelele zetu?

Pia tumejifunza kwamba mashine iliyopoteza mabaki yake haiwezi kujirudishia yenyewe. Kuongeza petroli hakusaidii. Kuvuta kamba kwa nguvu zaidi hakusaidii. Kuipiga teke, kama tulivyoona wengine wakifanya, kwazidisha hasara, kwa kuwa mapigo hupoteza sumaku. Yahitaji mguso mdogo kutoka nje, wa sekunde chache. Wako ndugu kati yetu walio katika hali hiyo. Wanaamka, wanakwenda kazini, wanacheka na watu, hata ibadani wanakuja, lakini ndani mwao taa haiwaki. Tukiwaambia, "Jitahidi zaidi, omba zaidi, vuta kamba zaidi," tunawachosha bure. Mara nyingi wanachohitaji ni mtu wa kuketi nao jioni moja, kunywa chai nao, na kuwasikiliza. Hilo ni jambo dogo kama betri ya volti 12 mbele ya mashine ya volti 240, lakini mashine huanzia hapo.

Na lile la tatu ni la kijana wa ufunguo. Kila jambo linaloharibika kanisani, la fedha au la mali, huwa na mtu aliyekuwa karibu nalo zaidi, naye ndiye hutupiwa macho ya kwanza. Kuwa karibu si kuwa na hatia. Utaratibu tuliowapa wa jenereta wafaa pia kwa watu: anzeni na lililo jepesi, ulizeni kabla ya kusema, fungueni kifuniko kabla ya kutoa hukumu. Kama iko nyumba katika mtaa wenu ambako mtu amekaa Jumapili nyingi kwa sababu ya neno lililosemwa bila kupimwa, basi wazee wa kanisa wana kazi juma hili. Msiipeleke kwenye mkutano wa halmashauri, wala msiitangaze. Nendeni wawili, jioni, mkae chini.

Tuombe. Ee Bwana, tunakushukuru kwa akili uliyowapa wanadamu, na kwa mafundi wetu wanaofanya kazi kwa mikono yao. Uwalinde wauguzi na wakunga wanaohudumu gizani. Uwalinde watoto wetu na hewa ya sumu na hatari za umeme. Utusamehe tulipomhukumu mwenzetu upesi, na utupe miguu ya kumwendea. Palipobaki kidogo, usiache kipotee. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Mlale salama, wasikilizaji wapenzi. Na wale mlio na jenereta, kesho kukicha ifungulieni stoo, muiwashe kwa nusu saa, huku ikiwa nje.